Gari Juu ya Stendi

Murhula alikuwa amelala chali juu ya boksi lililopasuliwa, chini ya gari la Goreth, na kila alipokwangua kwa bisibisi kutu ilimdondokea machoni. Ilikuwa Jumanne, saa tatu asubuhi, nyuzi kumi na mbili chini ya sifuri. Gari, Corolla ya mwaka 2006, lilikuwa limeinuliwa juu ya stendi nne za chuma katika ujia mwembamba kati ya nyumba aliyopanga na uzio wa jirani, hatua chache kutoka barabara ya Bailey Avenue, mjini Buffalo. Tairi zake zilikuwa zimeegemezwa ukutani. Theluji ya siku nne ilikuwa imerundikwa pembeni kwa beleshi hadi ikafika kifuani mwa mtu.

"Mama Goreth, leta mukono hapa chini," akasema. "Gusa hii."

Goreth akachutama, akavua glavu, akapenyeza mkono. Paipu ya breki ilimvunjikia vidoleni kama biskuti.

"Hii njo ilikuwa inakusimamisha," Murhula akasema. "Minashangaa uko muzima."

"Gereji waliniambia zimeoza. Sikujua ni kiasi hiki."

"Walikuambia, halafu wakakuachilia uende nayo?"

"Walinipa karatasi nisaini."

Bisibisi ikaendelea kukwangua.

Karatasi hiyo Goreth alikuwa nayo bado mkobani. Mwezi wa kwanza alilipeleka gari kwenye gereji moja kubwa, yenye sakafu safi na mashine ya kahawa, likafanyiwe ukaguzi wa mwaka. Walimnyima stika. Kijana wa mapokezi alimwonyesha picha kwenye skrini, akamtajia bei inayozidi thamani ya gari lenyewe, akamwambia nafasi ya karibu ni baada ya siku kumi na sita. Goreth alipouliza aende kazini na nini siku hizo zote, kijana alimsogezea fomu: mteja ameelezwa kuwa gari si salama, mteja anaondoka nalo kwa hiari yake. Alisaini, wakamfungulia mlango mkubwa, akatoka na gari ambalo wao wenyewe walikuwa wamesema halina breki za kuaminika. Hakuna aliyemzuia. Walichotaka ni sahihi tu.

Jumapili iliyopita, akitoka kazini, pedali ilizama mpaka sakafuni penye taa za barabarani karibu na shule. Alivuta breki ya mkono, gari likateleza, likajichomeka kwenye tuta la theluji. Kama ingekuwa siku ya shule, pale wangekuwa wanavuka watoto. Wazo hilo halikumtoka tena. Murhula alikuja na pikapu ya rafiki yake, akalivuta kwa kamba taratibu mpaka nyumbani kwake.

Goreth alikuwa Mrundi aliyekulia kambini Tanzania. Gari alilinunua katika mji wa Columbus, kwenye yadi moja ya Morse Road, alipokuwa akiishi mtaa wa Northland, na huko lilimtumikia bila matata. Aliposikia kodi za Buffalo ni nafuu, alihama nalo. Kodi zilikuwa nafuu kweli, lakini hakuna aliyemwambia habari za chumvi. Kila theluji inapoanguka, malori humwaga chumvi barabarani, na chumvi hiyo hupanda chini ya magari na kukaa humo ikitafuna. Wenye pesa hubadilisha gari kabla haijafika ndani. Wengine huendesha yale waliyoyauza wenye pesa. Majira matatu ya baridi yalitosha kuzimaliza paipu zote za chini, ingawa injini haikuwa imemwangusha hata siku moja.

Na bila gari hakuna kazi. Goreth alimhudumia bibi wa miaka tisini na moja katika kitongoji cha kaskazini, bibi asiyeweza kujigeuza kitandani. Zamu ilianza saa nane mchana, saa ambayo binti wa bibi lazima naye aondoke kwenda kazini kwake. Basi lilifika hadi kwenye maduka makubwa tu. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika hamsini kwa miguu, na njia ya waendao kwa miguu haikuwapo, kwa sababu katapila zilikuwa zimesukumia humo theluji yote ya barabarani. Jana alitembea kandokando ya lami, malori yakimrushia tope la barafu, akafika amechelewa dakika arobaini. Kabla hajavua viatu, ujumbe wa ajensi iliyomwajiri ulikuwa umeingia: *Hii ni mara ya pili. Ya tatu tutampangia mgonjwa mtu mwingine.*

Mara ya kwanza ilikuwa siku ya dhoruba, serikali ilipopiga marufuku magari yote barabarani. Hiyo nayo ilihesabiwa.

"Tutawahi, Papa Murhula?" akauliza.

"Zamu saa nane? Utaondoka hapa saa saba. Bon. Minaweka paipu mupya yote, toka mbele mupaka nyuma. Kiraka siweki. Kiraka njo inaua watu."

Alifanya kazi bila glavu, maana kwa glavu nati hazishikiki. Kila robo saa aliingia jikoni, mkewe Esperance akammiminia maji ya vuguvugu kwenye beseni, akaloweka vidole mpaka vilipoanza kuuma tena, kisha akarudi nje. Aliikunja paipu mpya ya shaba kwa gumba, akiifuatisha njia ya ile ya zamani, akaupanua mdomo wake kwa kifaa kidogo alichokuja nacho kutoka Bukavu, kimefungwa ndani ya soksi.

Alikuwa ametengeneza malori ya barabara ya Bukavu na Uvira kwa miaka ishirini na miwili. Alipofika Buffalo alizunguka gereji saba. Zote ziliuliza cheti. Moja ilimpa kazi ya kufagia na kubadilisha oili, ikamkataza kugusa kingine, na siku moja aliposema kwamba gari fulani linakwenda kutolewa likiwa na boriti ya usukani iliyolegea, aliambiwa aendelee kufagia. Aliondoka wiki hiyo. Sasa alikuwa kiwandani, akibeba vioo vya madirisha kutoka Jumatano hadi Jumapili. Jumatatu na Jumanne, watu waliokataliwa na gereji walimletea magari yao. Walinunua vipuri wenyewe, naye wakampa walichoweza. Wengine walimpa sombe, kisamvu kilichopikwa.

Saa tano na nusu alikuwa amekaza nati ya mwisho. Kilichobaki kilikuwa kutoa upepo kwenye paipu, gurudumu kwa gurudumu.

Ndipo gari jeupe lenye nembo mlangoni likasimama katikati ya mtaa, moja kwa moja mbele ya ujia, kwa kuwa pembeni theluji haikuacha pa kuegesha. Alishuka mwanamume mnene wa makamo, mwenye mafua, kishikwambi kwapani. Alipiga picha kwanza: tairi, stendi, chupa ya mafuta ya breki, miguu ya Murhula iliyochomoza chini ya gari. Baada ya picha ndipo aliposalimu. Akasema yeye ni mkaguzi wa jiji.

"Mwenye nyumba ni nani?"

"Mwenye nyumba yuko Florida," Murhula akasema kwa Kiingereza chake cha kiwandani, akijivuta kutoka chini. "Mimi napanga."

"Na gari hili ni lako?"

"Ni langu," Goreth akasema.

"Hapo ndipo penye tatizo." Mkaguzi akapenga kamasi, akasoma kwenye kishikwambi. Kulikuwa na malalamiko. Kutengeneza gari la mtu mwingine kwenye makazi ni biashara isiyo na kibali, kazi isimame mara moja. Tena gari lisilotembea na lisilo na stika halali haliruhusiwi kukaa uani. Liondolewe kabla ya saa kumi alasiri, la sivyo litavutwa, na gharama ni za mwenye gari.

"Nani amelalamika?"

"Hatutaji."

"Sawa. Tunaliondoaje?" Goreth akauliza.

"Fungeni tairi, litoke."

"Halina breki mpaka amalize."

"Basi usiliendeshe. Ita bredauni, wakupelekee gereji yenye leseni."

"Gereji yenye leseni nimekwenda. Nafasi yao huwa ni baada ya siku kumi na sita. Siku kumi na sita naliweka wapi?"

"Barabarani hapana. Majira haya upande huu haparuhusiwi kuegesha."

"Na uani hapana."

"Uani hapana."

Goreth akageuka, akaunyooshea mkono mtaa mzima. Katikati kulikuwa na mifereji miwili iliyochimbwa na tairi za watu, na kando zake theluji ilikuwa imegandamana kama saruji. "Bredauni ipite wapi? Hii imeanguka Ijumaa. Tumepiga simu mara tano."

"Hiyo ni idara nyingine."

"Kwa theluji, siku nne hatujaona mtu. Kwa paipu ya breki, asubuhi moja tu umefika."

Mkaguzi hakukasirika. Pengine angekasirika ingekuwa afadhali. Alimtazama kama mtu anayesubiri lifti. "Bibie, nina nyumba kumi na mbili leo. Nafuata kilichoandikwa."

Murhula alikuwa amesimama akijifuta mikono kwenye tambara. "Imebaki nusu saa," akasema. "Kutoa upepo tu. Nikimaliza, gari linatoka lenyewe, halirudi. Si ndiyo unataka?"

"Nikikuruhusu, nitakuwa nimekuruhusu uvunje sheria mbele ya macho yangu. Acha vifaa chini. Naandika, narudi kukupa nakala."

Akarudi ndani ya gari lake, akawasha hita. Vioo vikafunga ukungu, akabaki kivuli kilichoinama.

Murhula aliyatazama magurudumu yasiyo na tairi na paipu mpya zilizong'aa. Ilikuwa inakaribia saa sita. Esperance alikuwa ametokea mlangoni, kanga imefungwa juu ya koti.

"Umeambiwa uache," akasema.

"Nimesikia." Akamgeukia Goreth. "Mama Goreth, ingia ndani. Polepole, isitikisike."

"Atatuandikia faini."

"Faini anaandika sasa hivi. Minaona mukono wake. Donc, tuko na faini tayari, na breki bado. Ingia."

Goreth akapanda, akakaa nyuma ya usukani, akaacha mlango wazi ili asikie. Murhula akazunguka hadi gurudumu la nyuma kulia, akachomeka mpira mwembamba kwenye nati ya kutolea upepo, mwisho wake mwingine ndani ya chupa.

"Kanyaga mara tatu. Halafu ukamate chini."

Akakanyaga mara tatu. "Nimeshika."

Murhula akafungua nati. Mafuta yakatoka yakitema povu kama soda, na pedali ikazama chini ya mguu wa Goreth. Nati ikafungwa.

"Achia. Tena."

Walikwenda hivyo, kanyaga, kamata, achia, mpaka povu likaisha na mafuta yakatoka safi. Wakahamia nyuma kushoto, kisha mbele kulia. Esperance alishuka ngazi, akachukua chupa mpya ya mafuta, akawa anajaza kikopo cha breki chini ya boneti kila kilipopungua. Goreth hakuuhisi mguu wake tena kwa baridi, ila alihisi pedali. Kila gurudumu ilirudi ngumu zaidi, kama kitu kilichoanza kumjibu.

Walikuwa kwenye gurudumu la mwisho, nati iko wazi na pedali iko chini kabisa, mkaguzi aliporudi na karatasi ya njano.

"Nilisema muache," akasema.

"Usiachie," Murhula akasema kwa Kiswahili kutoka chini.

Mkaguzi akaja hadi mlango wa dereva. "Bibie, shuka."

"Siwezi."

"Huwezi au hutaki?"

"Nikiinua mguu sasa, upepo unaingia. Tutaanza upya."

"Hamtaanza upya kwa sababu mnaacha. Nakuambia mara ya mwisho, shuka kwenye gari hilo."

Goreth alikuwa mtu wa kutii. Alitii karani wa kambi aliyemfuta kwenye orodha ya chakula kwa makosa ya jina. Alitii ajensi, na mwenye nyumba, na kijana wa mapokezi aliyemsogezea fomu. Alijua namna ya kusema sawa bwana na kuondoka. Sasa alizidi kuibana pedali sakafuni, naye alishangaa kusikia sauti yake imetulia.

"Jumapili nilifika kwenye shule pale mbele sina breki," akasema. "Gereji walijua, wakataka sahihi. Ajensi wanajua, wanataka nifike. Wewe umejua leo, na unataka nishuke. Mtu mmoja tu ndiye ametaka gari hili lisimame linapokanyagwa, na huyo ndiye unamwandikia. Andika, bwana. Mguu wangu hautoki hapa mpaka yeye aniambie."

Kamasi zilimtoka mkaguzi, akazifuta kwa mgongo wa glavu. Kisha akainama kidogo upande wa gurudumu.

"Jina lako kamili?"

"Murhula," sauti ikatoka chini. "M, U, R, H. Watu wanasahau hiyo H. Andika vizuri."

Spana ikazunguka. "Achia, Mama Goreth."

Akaachia. Pedali ikapanda juu, ngumu kama jiwe.

Kufunga tairi kuliwachukua dakika ishirini. Mkaguzi aliongeza kosa la pili, la kukaidi amri, kisha akasimama kando akitazama simu yake. Esperance alivuta stendi moja baada ya nyingine, Murhula akashusha jeki. Gari likakaa chini kwa mguno.

"Hili halifuti faini," mkaguzi akasema.

"Ulitaka gari itoke," Murhula akasema. "Inatoka."

Goreth akawasha, akatia gia ya kurudi nyuma. Ujia ulikuwa na mteremko, na chini ya theluji kulikuwa na barafu iliyofunikwa majivu. Gari lilishuka kwa kasi kuliko alivyotaka, likielekea ubavuni mwa lile gari jeupe. Akakanyaga. Likasimama, limebakiza urefu wa mkono. Mkaguzi alikuwa amekwisha kuruka pembeni.

Goreth akashusha kioo. "Gari lako limeziba njia," akamwambia.

Mkaguzi akaingia garini mwake, akasogea.

Saa nane kasoro dakika kumi Goreth alikuwa kwa mgonjwa. Binti wa bibi alikuwa amesimama mlangoni na koti mwilini, mkoba begani. Alimwambia leo amewahi, akaenda zake. Goreth alinawa mikono kwa maji ya moto, akamgeuza bibi upande wa dirishani, akambadilishia shuka. Alipopata nafasi ya kukaa alimtumia Murhula ujumbe: *Nimefika. Zinakamata vizuri sana.* Kutoka kwa ajensi hakukuwa na neno. Mtu akiwahi hawaandiki.

Jioni Murhula alikaa mezani jikoni, karatasi ya njano mbele yake, mikono imepasuka kwenye viungo. Esperance alimsomea, kwa kuwa yeye alisafisha vyumba vya hoteli na Kiingereza chake kilikuwa kimenyooka zaidi. Kosa la kwanza, kosa la pili. Mahakamani tarehe kumi na nane mwezi wa tatu, siku ya Jumatano, siku ya kiwanda. Faini inaweza kuzidi mshahara wa juma zima. Chini ya hapo palikuwa na mstari wa hali ya gari.

"Ameandika nini hapo?"

"Gari bovu. Haliwezi kuendeshwa."

"Soma tena."

Akasoma tena. Murhula akacheka kidogo bila furaha. Kufikia saa hiyo Goreth alikuwa ameliendesha maili tisa.

Simu ililia. Alikuwa Bagula, mdogo wake, aliyeko Louisville. Bagula alikuwa na jibu moja kwa kila jambo la Buffalo, kwamba kaka ahamie kwao, theluji si nyingi. Alipoelezwa habari za karatasi alisema: "Kaka, lipa tu, iishe. Mimi niliandikiwa ya namna hiyo, nikalipa, wakanisahau."

"Minajua nitalipa," Murhula akasema. "Kusema pesa, watachukua. Lakini nikikubali, itaandikwa mupaka milele kwamba nilikosa. Nilikosa nini, Bagula?"

Wakaagana.

"Hapa wanauliza kitu," Esperance akasema, akiweka kidole juu ya visanduku viwili. "Unakubali kosa, au unakana."

Murhula akachukua kalamu. Vidole vilikataa kukunjika sawasawa, akaishika kama anavyoshika spana, akatia alama kwenye *nakana*. Chini yake palikuwa na mistari minne, na maneno yanayosema aeleze sababu.

"Ngoja nikuandikie kwa Kiingereza," Esperance akasema.

"Wameandika nitumie lugha gani?"

Esperance akaigeuza karatasi, akaitazama mbele na nyuma. "Hawajasema."

Murhula akainama, akaandika polepole kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, na mstari mmoja ukamtosha:

GARI ILIKUWA HAINA BREKI. SASA IKO NAYO.